Kutomea: Neno Moja la Waashi na Historia Yake katika Pwani ya Afrika Mashariki

Fundi wa siku hizi anayetandaza vigae katika nyumba mpya ya Dar es Salaam au Mombasa, amalizapo kuvipanga hubakiwa na kazi moja ya mwisho, nayo ni kuijaza mianya myembamba iliyobaki baina ya kigae na kigae. Akiulizwa jina la kazi hiyo hujibu kwamba "anapiga grauti". Neno hilo amelipata pamoja na unga wenyewe, kwenye mfuko, dukani. Hapana anayeweza kumlaumu, maana hata watu wa lugha aghalabu hawana neno jingine la kumpa. Walakini pwani hii imejaza viungo vya mawe kwa karne nyingi kabla ya mfuko huo kufika, na kazi ya namna hiyo ilikuwa na kitenzi chake. Kitenzi hicho ni kutomea.

Neno hili si la kubuni, wala si la kuokotwa katika kijiji kimoja tu. Edward Steere alilitia katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja, kilichotolewa mwaka 1870, na Frederick Johnson akalirudia katika kamusi yake ya mwaka 1939. Maana inayotolewa ina sehemu mbili ambazo yafaa zitazamwe pamoja. Kwanza, kutomea ni kushindilia vijiwe vidogo na chokaa katika mianya iliyoko usoni mwa ukuta wa mawe. Pili, ni kuusawazisha uso ule mpaka uwe tayari kupokea lipu au kupakwa chokaa nyeupe. Basi si kuziba tu, wala si kupaka tu. Mwenye kuziba tundu la panya hatomei, na mwenye kupaka rangi hatomei. Kinachotakiwa ni kwamba vitu vigumu vilivyopangwa viwe vimeacha nafasi, na nafasi ile ijazwe kwa kitu laini kitakachogeuka kuwa kigumu, na mwishowe uso wote usomeke kama kitu kimoja.

Kitenzi hiki kimo katika jamaa ya maneno ambayo mengine yake yamekwisha kusahauliwa. Neno mwashi lajulikana na kila mtu, na uashi ni somo linalofundishwa katika vyuo vya ufundi. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mzazi wa maneno hayo ni kitenzi kuaka, yaani kujenga kwa mawe na chokaa. Njia ya sauti ni ile ile iliyotoa mpishi katika pika: k ya mzizi hugeuka kuwa sh inapokutana na kiishio -i. Zamani kujenga na kuaka havikuwa kitu kimoja. Aliyejenga alisimamisha miti, akafunga fito, akaita jirani zake waje kukandika udongo. Aliyeaka alikuwa fundi wa mawe. Leo kujenga kumemeza yote mawili, na mtu husema "amejenga nyumba ya mawe" bila kuhisi kwamba kuna neno lililokufa katikati ya sentensi yake. Mwana amebaki, mzazi amekwenda. Kutomea kumo njiani kuifuata kuaka, na tofauti ni kwamba hakukuacha mtoto anayejulikana.

Kwa nini kazi hii ilihitaji neno lake yenyewe? Jibu limo katika mawe. Uchimbuzi uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha kwamba misikiti ya mwanzo ya mahali pale ilikuwa ya miti, na ya mawe ikafuata juu yake. Tena ujenzi wa mawe wenyewe haukuanza kwa namna moja na ile inayoonekana leo. Mafundi wa kwanza walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi. Jiwe la namna hiyo ni laini linapotoka majini, hukatika kwa shoka na kuchongeka kwa tezo, kisha likikaa juani na upeponi hugeuka kuwa gumu. Kwa kuwa lilichongeka, liliweza kufanywa la pembe nne, na mawe ya pembe nne yakipangwa vizuri huacha viungo vyembamba. Katika kuta hizo za mwanzo mawe yaliunganishwa kwa udongo. Hapo hapana kazi kubwa ya kutomea.

Mambo yaligeuka pale waashi walipoanza kutegemea zaidi jiwe la nchi kavu, lile la matumbawe ya kale yaliyoganda na kuinuka juu ya bahari, ambalo hupatikana kila mahali chini ya udongo mwembamba wa pwani. Jiwe hili ni gumu, limejaa matundu na ncha, na halikubali kuchongwa kwa urahisi. Lilivunjwa likatumiwa kama lilivyovunjika. Ukuta wa mawe ya namna hiyo hauwezi kusimama kwa udongo mtupu kwa muda mrefu. Hutaka chokaa nyingi, na hata ikitiwa nyingi uso wake hubaki na mashimo yanayoweza kuingia ngumi. Kilwa Kisiwani, Gedi, Songo Mnara na miji mingine iliyostawi katika karne ya 14 na ya 15 imejengwa kwa sehemu kubwa hivyo. Matumbawe ya baharini hayakuachwa, bali yaliwekwa kwa kazi za adabu: mihirabu, miimo ya milango, vidaka, nakshi, na dari ambazo zilitaka jiwe jepesi. Jiwe la nchi kavu likabeba uzito, na chokaa ikaficha ubaya wake. Katika mgawanyo huo wa kazi ndipo kutomea kulipopata cheo chake, maana bila yake ukuta wa Husuni Kubwa ungaliacha kuwa ukuta wa jumba la sultani na kuwa rundo la mawe lililosimama.

Chokaa yenyewe yastahili maneno machache zaidi, kwa sababu desturi ya kuisahau ni ya zamani kuliko desturi ya kulisahau neno. Ilichomwa kwa mawe yale yale ya matumbawe. Magogo yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na matumbawe yaliyovunjwa yakarundikwa juu yake. Moto ukawashwa katikati, nao ukawaka mpaka magogo yakaisha na mawe yakawa meupe. Rundo hilo liliitwa tanuu, na neno hilo ni ndugu wa tanuri, asili yake Kiarabu. Kinachotokea motoni ni kwamba jiwe, likifikia joto la kiasi cha nyuzi 900 za sentigredi, huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kila ratili 100 za jiwe safi la namna hii hubaki ratili 56 tu, na sura ya jiwe haibadiliki sana. Ndiyo maana mgeni anayeliinua jiwe lililochomwa hushangaa kwa wepesi wake. Likitiwa maji hufuka mvuke, hupasuka, na kuwa unga au uji. Waashi waliojua kazi yao hawakuitumia chokaa hiyo siku ile ile. Waliiacha ikae, inyeshewe, ipoe kabisa, kwa miezi mingi, maana kipande kidogo ambacho hakikupata maji yake huendelea kuvimba hata baada ya kutiwa ukutani, na huichomoza lipu kama upele.

Ikishatiwa ukutani, chokaa huanza safari ya kurudi. Huvuta polepole ile hewa ya ukaa iliyoiacha motoni, na baada ya miaka huwa jiwe tena, la asili ile ile na mawe iliyoyashika. Jambo hili lina uzito katika mengine yatakayosemwa hapa chini.

Sasa kazi yenyewe. Ukuta uliokwisha kuakwa uliachwa ukauke kidogo, kisha ukarushiwa maji. Maji haya yalikuwa ya lazima, kwa kuwa jiwe la matumbawe ni kama sifongo: likiwa kavu huinyonya chokaa maji yake kabla haijashika, na kilichobaki ni unga unaodondoka kwa kidole. Fundi aliweka chokaa yake juu ya chano, ubao ambao jina lake ni lile lile la sinia la mti la kulia chakula, akaitwaa kwa mwiko, ambao nao umetoka jikoni. (Mtu angeweza kuandika makala nzima juu ya jinsi waashi wa pwani walivyoazima vyombo vya wapishi, na huenda jambo hilo halikutokea kwa bahati tu, kwa kuwa mpishi na mwashi wote wawili wanashughulika na uji unaotakiwa usiwe mzito wala mwepesi.) Chokaa ikapigwa ndani ya mwanya kwa nguvu, kisha kokoto zikashindiliwa moja moja mpaka chokaa ikafurika pembeni. Kokoto hizi si za kupunguza gharama tu, ijapokuwa zilipunguza. Chokaa ikikauka hunywea, na tonge kubwa la chokaa tupu hupasuka. Kokoto huigawa ile nafasi kubwa kuwa nafasi nyingi ndogo, na ndogo hainywei kiasi cha kupasuka. Chokaa iliyofurika haikutupwa. Ilisuguliwa kufuata uso wa ukuta. Baada ya hapo ndipo ilipokuja lipu, na juu ya lipu, katika nyumba za wenye uwezo, neru.

Maneno haya matatu, kutomea, lipu na neru, yanafuatana ukutani kama yanavyofuatana katika historia ya lugha. Tabaka la ndani lina jina la Kibantu. Lipu linahusishwa na kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kupaka au kukandika. Neru, ambayo wengine huiita niru, yaelekea kuwa ni nura ya Kiarabu, yaani chokaa. Mtu anayevunja ukuta wa nyumba ya zamani ya Unguja hupita katika lugha tatu kabla ya kufikia jiwe. Isidhaniwe, lakini, kwamba mpangilio huo wathibitisha nani alimfundisha nani. Maneno husafiri na bidhaa, na mitindo, na mabwana, na mara nyingine kazi hubaki ile ile huku jina lake likibadilishwa ili ipate kuuzwa ghali zaidi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba kazi iliyofichika, ile isiyoonekana na mgeni anayekaribishwa barazani, ndiyo iliyoshika neno la wenyeji.

Neno sakafu nalo lina kisa kinachofaa kutajwa hapa. Kwa Kiarabu saqf ni paa au dari. Kwa Kiswahili limekuwa ni la chini ya miguu. Mgeuko huo si kosa la masikio. Katika nyumba ya mawe ya pwani paa lilikuwa bapa: boriti za mikoko zililazwa, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba, aghalabu mita 2½ hadi 3, juu yake mawe, na juu ya mawe chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vipande vya mti kwa siku kadhaa, watu wakiimba kwa pamoja ili mapigo yasipotee, mpaka maji yakapanda juu na uso ukawa mgumu. Paa hilo la chini lilikuwa sakafu ya juu. Kitu kimoja, majina mawili, na Kiswahili kikachagua upande wa anayekanyaga. Kupiga sakafu na kutomea ni kazi mbili za fikira moja: zote huijaza chokaa mawe madogo na kuitoa hewa, moja kwa mapigo na nyingine kwa kidole gumba na mwiko.

Ushahidi wa ustadi wa mafundi hao umebaki mahali pasipotarajiwa, nako ni makaburini. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Mambrui na kwingineko, na katika mihirabu na kuta za misikiti kadha wa kadha, mabakuli ya kauri kutoka Uchina na Uajemi yalipachikwa katika chokaa ikiwa bado mbichi. Hiyo ndiyo kazi iliyo karibu mno na ya mtandazaji wa vigae wa leo: chombo laini, chenye kung'aa, kisichonyonya maji, kinashikwa na kitu kibichi kando kando yake, na ukingo wake unatakiwa uwe safi. Mabakuli mengi yameibwa au yamevunjwa. Lakini mahali yalipong'olewa chokaa imebaki na duara lake, na katika baadhi ya maduara hayo alama ya kisigino cha bakuli bado yaonekana dhahiri. Mwizi alikichukua chombo na kuiacha kazi ya mwashi.

Kuhusu asili ya kitenzi chenyewe, dhana moja yastahili kuwekwa mbele ya wasomaji, iwe ya kupimwa. Lahaja za kaskazini, Kiamu na Kimvita, zina t mahali pengi ambapo Kiunguja kina ch: tini kwa chini, teka kwa cheka, toma kwa choma. Vyumba vya nyumba ya Lamu huitwa mpaka leo msana wa tini na msana wa juu. Ikiwa kutomea ni umbo la kitendea la toma, basi kwa sauti za Unguja lingekuwa ni kuchomea, kwa ile maana ya zamani ya kuchoma iliyobaki katika chomeka na chomoa: kupenyeza, kuingiza kitu chenye ncha mahali pembamba. Maana hiyo yalingana kabisa na kushindilia vijiwe katika viungo. Tena, ikiwa ni hivyo, neno lilifika Unguja likiwa limevaa nguo za kaskazini, na likabaki nazo kwa sababu lilikuwa ni neno la kazi, lililoletwa na wenye kazi. Miji ya Pate, Siyu na Lamu ilikuwa na mafundi wa mawe na wa lipu ya nakshi katika karne ya 18, kabla Mji Mkongwe wa Unguja haujawa mji wa majumba ya mawe katika karne ya 19, na kuhama kwa mafundi kufuata tajiri ni jambo la kawaida duniani.

Dhana hii yaweza kubomolewa kwa urahisi. Lahaja hizo za kaskazini zina t mbili, moja ya meno na moja ya ufizi, nazo hazichanganywi na msemaji mzaliwa. Mwashi mzee wa Lamu akilitamka neno hili kwa t isiyo ile ya toma na teka ya kucheka, basi mambo yote ya aya iliyotangulia yataanguka. Kamusi haziwezi kuamua, kwa kuwa herufi za Kirumi zilizochaguliwa kwa Kiswahili Sanifu zimezifanya t hizo kuwa moja. Yahitaji sikio, na mwenye kutamka.

Steere aliyeliandika neno hili hakuwa mtu wa vitabu pekee. Katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa mahali palipokuwa soko la watumwa la Unguja, na Steere, aliyekuwa askofu mwaka uliofuata, ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Lakini paa lake ni la mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, nalo halikutengenezwa kwa boriti, bali kwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa yakachanganywa na saruji ya Portland. Wapo waliodhani lingeanguka. Halikuanguka, na Steere alizikwa nyuma ya madhabahu yake mwaka 1882. Basi mtu mmoja, katika muda wa miaka 10 hivi, aliliandika neno la waashi wa chokaa na akainua juu ya vichwa vya watu kitu ambacho kingekuja kulifanya neno hilo lisihitajike. Hapana dalili kwamba aliona mgongano wowote, na kwa siku zile haukuwepo.

Saruji ya Portland ilipewa hati ya ubunifu Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Jina la Kiswahili ni la zamani kuliko kitu. Saruji ni sārūj ya Kiajemi, iliyopita katika Kiarabu, nayo ilikuwa ni mchanganyiko wa chokaa, au udongo uliochomwa, uliostahimili maji. Huko Oman ulitumiwa kupaka mifereji ya falaji, na jina lake lingali hai. Kitu kipya kikapewa jina la kitu cha kale kilichofanana nacho kwa kazi yake. Hilo ni tendo la akili, na latofautiana na lile lililotokea kwa grauti. Pamoja nalo simenti na sementi zilisemwa, na bado husemwa, lakini saruji ndiyo iliyopata nafasi katika maandishi.

Baada ya Vita ya Pili saruji iliacha kuwa bidhaa ya melini tu. Kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954; cha Athi River kilifuata mwaka 1958, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Bamburi ilichimba mawe ya matumbawe ya kale, yaani jiwe lile lile lililochomwa katika matanuu ya waashi. Kwa hiyo asili ya mali haikubadilika. Kilichobadilika ni joto, ambalo katika tanuri la saruji hufika kiasi cha nyuzi 1,450, na udongo unaochanganywa, na kile kitokacho: unga unaoganda kwa maji katika muda wa saa chache, wala haungojei hewa.

Hapo ndipo madhara yalipoanza, nayo si madhara ya lugha peke yake. Mwenye nyumba ya mawe iliyoanza kumwaga lipu yake alimwita fundi, na fundi, ambaye hakufundishwa chokaa, akaijaza mianya kwa saruji na kuipaka juu yake. Kazi ilipendeza kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua: maji huingia kwa mvua na kupanda kutoka ardhini, kisha hutoka kupitia viungo na lipu ya chokaa. Saruji haiyaruhusu kutoka. Maji yakifungiwa huleta chumvi, na chumvi ikiganda nyuma ya saruji hulila jiwe na chokaa ya kale. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoishika. Ukuta ukijongea kidogo, kama ijongeavyo kila nyumba ya zamani, chokaa hufuata, na saruji hupasuka ikabanduka na ngozi ya jiwe. Ndiyo sababu wahifadhi wa magofu ya Kilwa, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000, na wa Lamu, mwaka 2001, wamerudia chokaa na kuiondoa saruji mahali ilipotiwa. Fundi kijana katika kazi hizo hujifunza upya jambo ambalo babu yake alilijua, na mara nyingi hulijifunza kwa maneno ya Kiingereza.

Kigae nacho kina historia yake, ijapokuwa ni fupi. Neno hilo kwanza ni kipande cha chungu kilichovunjika, na gae ni kipande kikubwa zaidi. Yaelekea kwamba lilipata maana ya kifuniko cha paa kwa kuwa kigae cha paa ni udongo uliochomwa, uliojikunja kama gae la mtungi. Vigae vya Mangalore, ambako Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda mwaka 1865, vililetwa kwa wingi katika miji ya pwani, navyo havikuhitaji kitu baina yao, kwa sababu kila kimoja humpandia mwenziwe. Vigae vya sakafuni na ukutani vilikuja baadaye, pamoja na marumaru, ambayo kwa asili ni jiwe lenyewe na sasa kwa wengi ni kigae chochote kinachong'aa. Kwa hivi, mwanya ni sehemu ya kazi. Fundi huuacha kwa makusudi, aghalabu milimita 2 hadi 5, kwa kuwa vigae havilingani kabisa na kwa kuwa sakafu huvimba na kunywea.

Anayefanya kazi hiyo kwa unadhifu huvingoja vigae vishike, siku moja au zaidi. Huikwangua gundi iliyopanda katika mianya, maana isipotolewa grauti itakuwa nyembamba mahali pamoja na nene pengine, na rangi yake haitakuwa moja. Huukoroga unga wake kwa maji machache, uwe mzito wa kutomwagika mwikoni, na huuacha utulie kwa dakika kadhaa kabla ya kuukoroga mara ya pili. Huusukuma ndani kwa ubao wenye mpira, akienda mshazari, kwa sababu ukingo wa ubao ukiufuata mwanya huuchimba. Kisha hungoja tena, na hufuta kwa sifongo iliyokamuliwa vizuri, mshazari vile vile. Makosa mengi yanayoonekana katika nyumba za watu hutokea hapa: sifongo imejaa maji, maji yamekwenda na rangi na nguvu, na baada ya wiki mwanya ni mweupe kwa mabaka, na baada ya mwaka umekuwa unga. Utando mwembamba unaobaki juu ya vigae hufutwa kwa kitambaa kikavu. Pembeni, ukuta unapokutana na sakafu, fundi mwema hatii grauti bali kitu kinachonyumbuka.

Msomaji ataona kwamba karibu kila kanuni ya hizo ilikuwapo katika ukuta wa chokaa: kusafisha mwanya, kuyaogopa maji yakizidi na yakipungua, kungoja, kushindilia mpaka ndani, kusawazisha kabla haijawa ngumu. Hata mchanga unaotiwa katika grauti ya mianya mipana, na usiotiwa katika ya myembamba, ni kokoto za mtomeaji zilizokuwa ndogo zaidi. Nao hutiwa kwa sababu ile ile ya kuzuia kunywea. Zipo tofauti. Ukuta uliotomewa ulifichwa, bali grauti huonekana na ni sehemu ya pambo. Ukuta uliotomewa ulipumua, bali vigae huwekwa ili maji yasipite. Mwenye kusema kwamba kwa sababu hizo neno moja haliwezi kubeba kazi zote mbili ana hoja. Lakini hoja yake ingeiondoa saruji pia, na kigae, na marumaru, maana kila moja ya maneno hayo limehama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kisichofanana nacho kwa yote, na hapana anayelalamika.

Shida iliyo kubwa zaidi ni ya umbo. Grauti ni jina la kitu, na kutomea ni jina la tendo; mwenye duka huuza kitu. Lugha inazo njia za kulitoa jina katika kitenzi, na tomeo, kwa wingi matomeo, lingesimama pamoja na pokeo na mapokeo bila kuchukiza sikio. Ikiwa litakubaliwa au halitakubaliwa si jambo la kuamuliwa katika kurasa za jarida. Lililo katika uwezo wa wanafunzi wa lugha ni jingine, na muda wake ni mfupi: kwenda na kinasa sauti kwa wazee waliobaki wa kazi ya chokaa katika Lamu, Unguja, Pemba na Mafia, kuwataka wataje kila tendo na kila chombo kwa matamshi yao, na kuwauliza kwanza, kabla ya mengine yote, walitamke neno hili moja, ili ijulikane ni t ipi.